Nani Aliwasha, Nani Alifunga Mlango

Bweni likiungua nchini Kenya, kauli hufika kabla ya gari la zimamoto. Majivu hayajapoa, mbunge ameshataka kiboko kirudi, waziri ameshaahidi kamati, mchungaji ameshalaumu simu, na mwalimu mkuu ameshaeleza kuwa shule yake ilikuwa shwari kabisa mpaka usiku ule. Baada ya wiki mbili yote yamesahaulika, na muhula ukipinda kona bweni jingine linaungua na kauli zilezile zinatolewa upya, mara nyingine na watu walewale.

Kabla ya kuzijibu, tukumbushane. Bombolulu, Mazeras, Machi 1998: wasichana 26. Nyeri High, 1999: viranja wanne. Kyanguli, Machakos, Machi 2001: wavulana 67. Asumbi, Homa Bay, 2012: wasichana wanane. Moi Girls, Nairobi, Septemba 2017: wasichana 10. Hillside Endarasha, Nyeri, Septemba 2024: wavulana 21, wanafunzi wa shule ya msingi. Katikati ya misiba hiyo yapo mamia ya mabweni yaliyoteketea bila kuua mtu, na kwa hiyo hakuna anayeyakumbuka. Si kila moto kati ya hiyo uliwashwa na wanafunzi, na hilo lina uzito mkubwa katika mambo ninayotaka kusema.

“Tangu kiboko kiondolewe, watoto wameota pembe”

Hili ndilo dai linalopendwa kuliko yote. Nadhani linapendwa kwa sababu linampa kila mwenye mvi nafasi ya kujisifu: mimi nilichapwa, na nikawa mtu. Hata Waziri wa Elimu wa wakati huo, marehemu George Magoha, alilitamka hadharani mwanzoni mwa 2021, shule zilipofunguliwa baada ya likizo ndefu ya korona na visa vya wanafunzi kuwashambulia walimu vikaanza kuripotiwa.

Kalenda inalikataa dai hili. Kiboko kilipigwa marufuku rasmi Machi 2001, kwa Tangazo la Kisheria nambari 56. Msiba wa St. Kizito, shule ya mseto kule Meru, ulitokea Julai 1991. Wavulana walitaka kugoma kwa kuwa shule haikuwa imelipa ada ya mashindano ya riadha. Wasichana wakakataa kujiunga nao. Usiku wa tarehe 13 wavulana wakavamia bweni ambamo wasichana walikuwa wamejikusanya kwa hofu. Wasichana 19 wakafa na 71 wakabakwa. Wavulana wale walilelewa enzi ambazo mwalimu aliruhusiwa kuchapa, mzazi akamshukuru, na mtoto akienda kulalamika nyumbani anaongezewa. Viranja wa Nyeri High waliuawa kiboko kikiwa halali. Kyanguli iliteketea mwezi uleule wa tangazo, wino haujakauka. Hakuna hata mvulana mmoja pale aliyekuwa amekulia katika shule isiyo na kiboko.

Isitoshe, kiboko chenyewe hakijaondoka. Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 inakikataza katika kifungu cha 36, na Katiba ya 2010 inamkinga kila mtu dhidi ya adhabu ya kikatili, lakini pita nyuma ya madarasa asubuhi ya Jumatatu, baada ya gwaride, usikilize. Kilichoondoka ni kanuni zake tu. Zamani ilikuwa lazima kosa na adhabu viandikwe kitabuni, na aliyeidhinisha ajulikane. Siku hizi fimbo, kipande cha bomba la plastiki na waya vyote hutumika, na hakuna kitabu.

Mtu atanijibu: mbona Tanzania wanachapa na hawana mawimbi ya moto kama yetu? Swali zuri, na jibu lake haliko kwenye fimbo. Wanafunzi wengi wa sekondari Tanzania husoma shule za kata, wanakwenda asubuhi na kurudi nyumbani jioni. Hakuna bweni la kuchoma. Kwenye mabweni, misiba imewafika vilevile: Shauritanga kule Rombo mwaka 1994 walikufa wasichana zaidi ya 40, na Idodi kule Iringa mwaka 2009 wakafa 12, kwa moto ulioelezwa kuwa ulianzia kwenye mshumaa wa mwanafunzi aliyekuwa akijisomea usiku. Na kiboko chao kina gharama zake. Kanuni zinasema si zaidi ya viboko vinne, vitolewe na mwalimu mkuu au aliyeruhusiwa naye, viandikwe. Mwaka 2016 nchi nzima ilitazama video ya walimu wa mazoezi wakimshambulia mwanafunzi katika shule ya sekondari Mbeya kwa ngumi na mateke. Mwaka 2018 mwanafunzi wa shule ya msingi Bukoba alifariki baada ya kupigwa na mwalimu. Anayetaka kiboko kirudi Kenya kwa ajili ya usalama wa watoto atuonyeshe kwanza ni wapi kimewaweka salama.

“Ni utundu wa ujana tu, hata sisi tulipitia”

Kauli hii husemwa kwa tabasamu, kwenye harusi na kwenye mikutano ya waliosoma pamoja. Mtu anasimulia alivyokuwa mono, yaani mgeni wa kidato cha kwanza, alivyofulia soksi za kidato cha nne, alivyolazwa sakafuni, alivyoitwa usiku wa manane na kuamrishwa aendeshe kitanda kama gari huku akinguruma kama injini. Watu wanacheka. Ni kicheko cha aliyeokoka, na si wote waliookoka wamealikwa kwenye harusi hiyo.

Mwaka 2017 uonevu wa namna hii ulifichuliwa Alliance, shule kongwe iliyoko Kikuyu ambayo kila mzazi huiombea mtoto wake nafasi. Wizara ilichunguza, na mwalimu mkuu akaondoka. Waliowaonea wenzao hawakuwa wahuni waliopenya ua. Wengi walikuwa viranja, yaani vijana waliopewa madaraka na shule yenyewe. Hapa ndipo pa kutazama. Shule nyingi zimemkabidhi kiranja kazi ya mwalimu: awaamshe wenzake alfajiri, awahesabu, awaadhibu, awafunge na kuwafungua. Akiwa na miaka kumi na saba ana mamlaka ambayo mwalimu wa zamu angetakiwa kuyatolea maelezo, na yeye hatakiwi kueleza chochote. Pale Nyeri High viranja wanne walilala katika kijichumba chao tofauti na wenzao, na humo ndimo petroli ilimomwagwa. Sisemi walistahili. Hakuna mtoto anayestahili kufa hivyo. Nasema watu wazima waliwaweka mbele yao kama ngao, kisha wakashangaa ngao ilipopigwa.

Na huu “utundu” umewahi kutetewa hata mbele ya maiti. Baada ya St. Kizito, naibu wa mwalimu mkuu alinukuliwa na magazeti akieleza kuwa wavulana hawakuwa na nia mbaya kwa wasichana, walitaka kuwabaka tu. Sentensi hiyo ilizunguka dunia. Haikutoka kwa mtu asiye na elimu wala kwa adui wa wasichana. Ilitoka kwa mtu aliyeishi mahali ambapo jambo hilo lilikuwa la kawaida kiasi kwamba ulimi haukujikwaa. Shule ya namna hiyo haihitaji tukio kubwa ili iwe hatari. Ilikuwa hatari Jumatatu, Jumanne na Jumatano kabla ya usiku ule.

“Wanachoma shule kwa sababu ya upuuzi”

Mfano unaotolewa mara nyingi ni Itierio, kule Kisii, Juni 2016. Mabweni yaliteketea, na ikaripotiwa kuwa wavulana walikuwa wamekatazwa kutazama mechi ya Euro. Nchi ikashika kichwa. Mali ya mamilioni kwa sababu ya mpira!

Lakini mwaka huo zilichomwa shule zaidi ya 100, na haiwezekani zote ziwe na mashabiki wa Euro. Ukitazama kalenda utaona kitu kingine. Moto hupenda muhula wa pili, ule mrefu, wa baridi, wa mitihani ya mwigo, muhula ambao kidato cha nne huanza kuona mwisho wake na hofu ya KCSE, mtihani wa mwisho wa sekondari, humwingia hata mwenye akili nyingi. Mwaka 2016 muhula huo ulirefushwa, na serikali ikatangaza kuwa muhula wa tatu hautakuwa na siku za wazazi, maombi wala burudani, katika jitihada za kuzuia wizi wa mitihani. Nia ilikuwa njema. Wanafunzi waliambiwa tu, hawakuulizwa.

Elizabeth Cooper, mtafiti wa chuo kikuu cha Simon Fraser kule Kanada, aliyechunguza moto wa shule za Kenya na kuandika juu yake mwaka 2014, alifikia jibu ambalo wengi wetu hatupendi kulisikia: wanafunzi huchoma kwa sababu wameona kuwa kuchoma kunafanya kazi. Fikiri kinachotokea. Darasa zima linalalamikia maharagwe yenye wadudu kwa muhula mzima na hakuna anayejibu. Wanaandika barua, aliyeiandika anaitwa ofisini na kutumwa nyumbani aje na mzazi. Kisha bweni linaungua. Asubuhi yake mkurugenzi wa elimu wa kaunti yuko langoni, kamera ziko langoni, wanafunzi wanapelekwa nyumbani kupumzika, na muhula unaofuata mwalimu mkuu amehamishwa na maharagwe yamebadilika. Somo hilo halikufundishwa ubaoni, ila walilishika barabara. Na hawakujifunza shuleni pekee. Wanaishi katika nchi ambayo watoto wakigongwa na magari kwenye barabara kuu, barua za wanakijiji hulala miaka, mpaka siku wanapochoma magurudumu na kuziba njia. Matuta hujengwa wiki hiyohiyo.

Kwa hiyo mpira ulikuwa kibiriti tu. Kyanguli vilevile, miongoni mwa malalamiko yaliyokuwepo ni matokeo ya KCSE ya 2000 yaliyofutwa kwa madai ya udanganyifu. Kijana aliyefutiwa miaka minne ya maisha yake si kijana anayelia kwa sababu ya upuuzi, hata kama ni yeye aliyeiba mtihani.

Upo mlango wa kuwasikiliza uliojaribiwa. Mwaka 2009 baraza la kitaifa la wanafunzi wa sekondari lilianzishwa, shule zikaanza kuwachagua viranja kwa kura badala ya kuwateua katika chumba cha walimu, na sheria ya 2013 ikampa mwakilishi wa wanafunzi kiti katika bodi ya shule. Kiti hicho hakina kura, na katika shule kadha wa kadha mwakilishi huitwa mwanzoni mwa kikao, akapewa soda, akashukuriwa, kisha akaombwa arudi darasani kabla ajenda ya chakula haijafikiwa. Hilo si baraza. Ni mapambo.

“Ni dawa za kulevya, ni simu, ni wachochezi wa nje”

Bangi ipo shuleni, pombe za vipakiti zimewahi kuwapo, na simu hufichwa ndani ya mkate. Sikatai. Lakini bangi iko pia katika shule ambazo hazijawahi kuungua, na simu hazikuwepo mikononi mwa wanafunzi wa 1991. Kuhusu wachochezi, mwaka 2016 serikali ilisema magenge ya wizi wa mitihani ndiyo yaliyowatuma wanafunzi kulipiza kisasi. Huenda yalikuwepo mahali fulani. Hata hivyo mchochezi hawezi kuuza moto mahali pasipo na mnunuzi.

“Vyuma madirishani na kufuli mlangoni ni kwa usalama wao”

Hapa nataka kukaa kidogo, maana madai mengine yote yanahusu moto, na hili linahusu vifo.

Nilikwenda siku ya wazazi katika shule moja ya bweni ambayo sitaitaja. Wakati wa chakula cha mchana nikaomba kuonyeshwa anapolala mtoto wangu. Bweni lilikuwa safi, sakafu imepigwa deki mpaka inang’aa. Vitanda vya deka vilibanana hivi kwamba ilinibidi nipite ubavuubavu, na pale palipobaki nafasi pamejazwa masanduku ya chuma. Mlango wa nyuma ulikuwapo, ila kitanda kilikuwa kimeegemezwa juu yake. Madirisha yote yalikuwa na nondo, zimechomelewa vizuri, fundi alijua kazi. Kwenye mlango wa mbele palining’inia mnyororo na kufuli kubwa la shaba. Nikamuuliza mlinzi hufungwa saa ngapi.

“Baada ya masomo ya jioni, mzazi. Saa nne na nusu.”

“Na ufunguo?”

“Huwa kwa mwalimu wa zamu.”

“Analala wapi?”

Akaninyooshea kidole ng’ambo ya uwanja wa mpira. “Mzazi, tukiacha wazi watatoroka.”

Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa anarudia aliyoambiwa, na aliyemwambia alikuwa na sababu: mwaka uliotangulia wavulana wawili walitoroka usiku, wazazi wakaja juu. Hakuna mwalimu mkuu anayefokewa na wazazi kwa sababu ya kufuli. Anafokewa kwa sababu ya mtoto aliyeonekana sokoni. Basi analipa deni analodaiwa kila wiki, na lile la siku moja katika miaka ishirini analiacha.

Wizara ya Elimu ilichapisha mwongozo wa viwango vya usalama shuleni mwaka 2008. Haufichi kitu. Milango ya bweni ifunguke kwa nje, iwe na upana wa kutosha watoto kupita kwa wingi, iwe mmoja kila upande na wa dharura katikati. Isifungwe kwa nje kamwe wanafunzi wakiwa ndani. Madirisha yasiwe na vyuma. Kati ya kitanda na kitanda pawe na mita 1.2, na ujia mkuu usipungue mita 2. Wanafunzi wahesabiwe kila siku. Kila sentensi katika ukurasa ule iliandikwa na wafu. Kyanguli palikuwa na milango miwili, mmoja ulikuwa umefungwa. Madirisha yalikuwa na nondo. Bombolulu, nondo vilevile na mlango uliofungwa, na wasichana 26 hawakuwa na pa kutokea.

Sasa rudi kwenye Bombolulu na Endarasha. Huhitaji mwanafunzi mwovu ili bweni la namna hii liue. Hitilafu ya umeme inatosha, mshumaa kama ule wa Idodi unatosha. Endarasha wavulana zaidi ya 150 walilala katika jengo moja lililojengwa kwa mbao. Ndiyo sababu nimesema tangu mwanzo kwamba si kila moto uliwashwa na wanafunzi: aliyewasha anaweza kuwa mtoto, waya, au nta. Aliyeamua mlango ufungwe siku zote ni mtu mzima.

Na wanaosema kufuli huwazuia wachomaji wafikiri mara mbili. Anayekusudia kuchoma huchoma mchana wenzake wakiwa darasani, au jioni wakati wa masomo, na ndivyo mabweni mengi ya 2016 yalivyoteketea bila mtu ndani. Au yuko ndani tayari, na amefungiwa pamoja na wenzake.

“Ni wahalifu, wafungwe”

Kuwasha moto kwenye nyumba wanamolala watu ni uhalifu, na sina hamu ya kutafuta neno laini. Moto wa Moi Girls ulimfikisha mwanafunzi mmoja mahakamani. Alipatikana na hatia ya kuua bila kukusudia na mwaka 2022 akahukumiwa kifungo cha miaka 5. Familia kumi zilistahili kusikia hukumu, na zilingoja zaidi ya miaka minne.

Lakini sikiliza ushahidi uliotolewa katika kesi hiyo. Mahakama iliambiwa kwamba msichana huyo hakuipenda shule, alitaka kuhama, na wenzake walikuwa wakijua hivyo. Watoto walijua. Mara nyingi watoto huwa wanajua: nani ananunua petroli, nani amehamisha sanduku lake nje ya bweni jioni ile, nani ameagiza mdogo wake asilale humo. Habari hizo hazimfikii mwalimu kwa sababu anayepeleka ataitwa msaliti na atalala humohumo na aliowataja. Mwalimu wa ushauri nasaha, ambaye angeweza kuzipokea faraghani, ana vipindi vya Jiografia kama kawaida, na ofisi yake aghalabu ni stoo ya mipira. Wakati mwingine ni mwalimu yuleyule anayeshika nidhamu, jambo ambalo kila mwanafunzi huliona kuwa kichekesho.

Vitisho vya gereza havigusi pengo hilo. Idara ya upelelezi imewaonya wanafunzi mara kadhaa, mwaka 2021 ukiwemo, kwamba majina yao yatahifadhiwa na yataonekana siku watakapoomba cheti cha tabia njema. Mvulana wa kidato cha tatu saa saba za usiku hafikirii cheti cha tabia njema. Wala wanaomzunguka na wanaojua hawakifikirii. Wao wanafikiria kesho atakayewalinda ni nani.

“Basi tufunge shule zote za bweni”

Hili nalichukulia kwa heshima, maana ni dai pekee kati ya haya linalokubali kuwa bweni lenyewe ni tatizo. Kwa watoto wa shule za msingi nakubaliana nalo karibu lote. Mtoto wa miaka tisa hana haja ya kulala na wenzake 150. Baada ya Endarasha, wizara ilikagua na mwishoni mwa 2024 ikaamuru sehemu za bweni za shule za msingi 348 zifungwe. Kila mtu akauliza lilelile: zilipata wapi kibali?

Kwa sekondari, dai hili limewasahau watu fulani. Kule Samburu, Turkana au Mandera, kutoka nyumbani hadi shule inayofuata kunaweza kuwa mwendo wa siku. Msichana aliyekimbia kukeketwa au kuozwa Narok hana nyumbani pa kulala. Bweni ndilo kimbilio lake, na ukilifunga unamrudisha alikotoka. Wala shule ya kutwa si salama kwa jina tu. Uonevu hupanda matatu pamoja na wanafunzi. Na mjini msichana wa kutwa anatembea gizani alfajiri na gizani jioni kwa sababu shule imeongeza vipindi.

Kisha yapo maneno ambayo wanaotoa dai hili huyakwepa: bweni limejaa kwa sababu tumelijaza. Kuanzia 2018 serikali ilitaka kila aliyemaliza shule ya msingi aingie sekondari. Jambo jema mno. Ila madarasa na mabweni hayakuongezeka kwa kasi hiyo, na mwalimu mkuu aliyeambiwa apokee watoto wote alifanya alichoweza. Alileta deka, kisha deka la tatu, kisha akaweka vitanda kwenye ukumbi wa chakula. Ile mita 1.2 ilikwisha hapo, na waliompelekea wanafunzi ndio hao hao waliochapisha mwongozo.

“Tungependa, ila hakuna pesa”

Mengine hayawezi kujibiwa hivi. Bweni jipya ni mamilioni, na shule hudai serikali karo isiyofika kwa wakati, muhula nenda muhula rudi. Kengele za moshi, matangi ya maji, mwalimu wa ushauri asiye na vipindi vingine: hayo yanataka bajeti, na bajeti inataka Bunge.

Lakini orodha ya vitu vilivyoua Bombolulu na Kyanguli haikuwa ya pesa. Kukata nondo ni kazi ya fundi mmoja na msumeno wa chuma. Kugeuza bawaba ili mlango ufunguke kwa nje ni nusu siku. Kuondoa kitanda kilichoegemea mlango wa nyuma ni kazi ya wavulana wawili, bure. Zoezi la kutoka bwenini gizani, watoto wakihesabiwa nje uwanjani, halihitaji risiti. Kisanduku cha maoni ambacho ufunguo wake hauko kwa mwalimu mkuu pekee kinatengenezwa na fundi seremala wa shule. Na kufuli: shule hulinunua kwa pesa, hivyo kuacha kulitumia ni kuokoa.

Kuhusu lile bweni nililolitembelea, niliandika barua kwa bodi, nikaitia sahihi pamoja na wazazi wengine watatu waliokubali. Wengine walisema tusubiri mkutano mkuu. Majibu yalikuja kwa adabu: bodi inatambua suala hilo na italizingatia katika mpango wa ukarabati, fedha zikipatikana. Kwenye mkutano mkuu ajenda ya usalama ilikuwa ya saba, baada ya basi jipya la shule, ambalo mchango wake ulipitishwa siku hiyohiyo. Nilipouliza ni nani kati ya waliokaa mbele angeweka sahihi yake kwamba mnyororo uondolewe usiku ule, mwenyekiti alisema hilo ni jambo la utawala. Mwalimu mkuu akasema anahitaji idhini ya bodi.